Dhima, Leseni na Kampuni: Kutoka Mkataba wa Msowero hadi Kata ya Magomeni

Yamo katika Kiswahili maneno matatu ambayo siku hizi hukaa pamoja katika karatasi moja ya biashara, lakini kila moja lilifika kwetu kwa njia yake na kwa wakati wake. Neno dhima lilikuja kwa Kiarabu, pamoja na elimu ya sheria na mirathi, na maana yake ilikuwa wajibu ulioshikamana na nafsi ya mtu. Neno kampuni lilikuja na wafanya biashara wa Ulaya. Neno leseni lilikuja na ofisi za Waingereza, likawa ruhusa iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Katika insha hii nataka kueleza jinsi maneno haya matatu yalivyokutana katika nchi ya Kilosa, na kwa nini mpaka leo hayajapatana sawasawa pale ambapo mtu mwenye leseni ya elimu yake, yaani wakili, tabibu, mhandisi au mkaguzi wa hesabu, anapotaka kuivaa kampuni kama mtu avaavyo joho.

Msomaji asikosee mahali. Magomeni niisemayo siyo ile ya Dar es Salaam iliyo maarufu, bali ni kata ya wilaya ya Kilosa, katika mkoa wa Morogoro, nchi inayonyweshwa na mto Mkondoa. Bonde hili lilikuwa njia kuu ya misafara kabla ya kuwa njia ya reli. Wapagazi walipanda humo kutoka pwani kwenda Ugogo na Unyamwezi. Kisha reli, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ikafuata bonde lile lile. Wenyeji wake wa asili ni Wasagara, na jirani zao ni Wakaguru na Wavidunda, nao wamechanganyika na watu wa makabila mengi walioletwa na mashamba ya mkonge na kazi za reli.

Mtu aweza kuuliza: sheria ya makampuni ina shughuli gani na mahali kama hapo? Watu wa Magomeni wengi ni wakulima na wachuuzi. Hao ndio wanaotibiwa, wanaotetewa na wanaojengewa. Tabibu akikosea, ni mwili wao. Wakili akikosea, ni shamba lao. Mhandisi akikosea, ni nyumba yao. Basi hapana watu wenye haki zaidi kuliko wao ya kuuliza swali hili: mtaalamu akijificha ndani ya kampuni, nani atakayelipa? Na tena Kilosa ina sababu ya pili ya kuuliza. Hapa ndipo kampuni ya kigeni ilipojipatia moja ya sehemu zake za mwanzo za ardhi ya Tanganyika, kwa karatasi moja, katika siku moja.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 29 Novemba, 1884, na mahali ni Msowero, ambapo katika vitabu vingi huandikwa Msovero. Mjerumani Carl Peters, pamoja na wenziwe Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto, walifika kwa Mangungo, mtawala wa mahali pale, wakapata alama yake chini ya mkataba. Kwa mkataba ule Mangungo aliandikwa kuwa ameitoa nchi yake, na haki zote zilizo ndani yake, kwa Chama cha Ukoloni wa Kijerumani kilichoundwa mwaka ule ule huko Berlin. Mambo ya mkataba huo yamesimuliwa mara nyingi katika shule zetu, hata jina la Mangungo limekuwa methali: mtu akitia sahihi asichokielewa, huitwa Mangungo. Nafikiri methali hiyo yamwonea mzee yule, kwa kuwa yeye hakuandika lile neno la Kijerumani wala hakulisoma. Lakini jambo moja halikuangaliwa vya kutosha. Peters mwenyewe alikuwa na shahada ya udaktari katika elimu, na Jühlke alikuwa daktari wa sheria. Upande mmoja wa mkeka alikuwapo msomi wa sheria. Upande wa pili hakuwapo hata mmoja. Huo ndio mwanzo wa historia ya taaluma ya sheria na kampuni katika Kilosa.

Chama kile kilipata hati ya ulinzi ya Kaisari tarehe 27 Februari, 1885. Hati hiyo, tukiita kitu kwa jina lake, ilikuwa leseni: ruhusa ya dola kwa watu binafsi kutawala na kufanya biashara chini ya bendera yake. Mwaka huo huo wakaunda Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Umbo lake la kwanza lilikuwa ushirika wa namna mbili ya wanachama. Walikuwapo wale wanaosimamia kazi, ambao dhima yao haikuwa na mwisho. Na walikuwapo wale waliotoa fedha tu, ambao hasara yao haikuweza kupita fedha walizotoa. Mwaka 1887 umbo hilo likabadilishwa, kampuni ikapewa utu wake yenyewe katika sheria, ikawa yaweza kumiliki na kudai na kudaiwa kwa jina lake. Tangu hapo mtu aliyenunua hisa huko Berlin aliweza kupata faida ya Usagara bila kuhatarisha nyumba yake.

Sasa na tuangalie hesabu ilivyokwisha. Mwaka 1888 kampuni ilichukua utawala wa pwani kwa mapatano na Sultani wa Unguja, na kwa ukali wake ikawasha vita: Abushiri bin Salim akasimama Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani. Kampuni haikuweza kuvizima vita ilivyovianzisha. Mwaka 1889 Bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2, na Hermann Wissmann akatumwa na askari. Mwaka 1890 ikakubaliwa Sultani alipwe marki milioni 4 kwa ajili ya pwani. Kampuni ikakopa fedha, na Serikali ikaahidi kuipa marki 600,000 kila mwaka kutoka katika ushuru wa forodha ili deni lilipwe. Tarehe 1 Januari, 1891, Serikali ikachukua utawala mikononi mwake. Kampuni haikufa, iliendelea na mashamba na maduka yake. Basi tukiuliza nani aliyelipa, jibu ni hili: mlipa kodi wa Ujerumani alilipa kidogo, na mlipa ushuru wa pwani alilipa kingi, naye hakuwa na hisa hata moja. Dhima ya wenye hisa ilikuwa na mpaka. Hasara ya wasio na hisa haikuwa na mpaka.

Nimeanza na kisa hiki kwa makusudi, kwa kuwa chatufundisha kanuni ambayo wanasheria huisema kwa maneno magumu, nasi twaweza kuisema kwa wepesi: dhima ikiwekewa mpaka hapa, mzigo hauyeyuki, bali huhamia pale. Kila sheria ya kampuni ni shauri la kuamua mzigo uhamie kwa nani. Lakini haifai tuseme kwamba mpaka wa dhima ni hila ya kikoloni tu. Uingereza iliruhusu dhima yenye ukomo kwa sheria ya mwaka 1855, na wapinzani wake waliona haya kuwa mtu mwungwana alipe sehemu tu ya deni lake. Jibu lao lilikuja Oktoba 1878, ilipoanguka Benki ya Jiji la Glasgow ambayo dhima ya wanachama wake haikuwa na ukomo. Wenye hisa, na kati yao walikuwamo wajane na wachungaji wa makanisa, walitakiwa kutoa pauni 2,750 kwa kila pauni 100 za hisa walizokuwa nazo. Wengi walifilisika kwa kosa ambalo hawakulifanya wala hawakulijua. Kisha mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Mabwana ilitoa hukumu katika kesi ya Aron Salomon, mshona viatu wa London. Yeye aligeuza duka lake kuwa kampuni, akashika hisa 20,001 kati ya 20,007, na sita zilizobaki zikawa za mkewe na watoto wake. Biashara ilipoanguka, wadai walisema kampuni ile ni Salomon mwenyewe aliyevaa kofia nyingine. Mabwana wakakataa: kampuni ni mtu mbali, na mshona viatu ni mtu mbali. Hukumu hiyo ndiyo nguzo ya sheria ya makampuni katika nchi zote zilizorithi sheria ya Uingereza, na yetu ni mojawapo.

Wala wazee wetu wa pwani hawakuwa wageni kabisa wa fikira hii. Katika sheria ya Kiislamu deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, lakini warithi hawatozwi zaidi ya kile alichokiacha. Katika mapatano ya mudharaba mwenye mali hutoa fedha, na mwenye kazi husafiri nayo. Wakipata faida hugawana, wakipata hasara bila ya uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Misafara iliyopanda bonde la Mkondoa ilitegemea fedha za matajiri wa Unguja, na mfano unaojulikana sana ni Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip. Kwa hiyo mpaka katika fedha ulijulikana. Ambalo halikuwa na mpaka ni kazi ya mkono wenye elimu. Mafakihi walisema kwamba mtu atibuye watu bila ya kujulikana kwa utabibu ni mdhamini wa madhara yake. Na yule ajulikanaye hana lawama maadamu hakuvuka ada ya kazi yake. Katika hukumu hiyo ya kale naona mambo mawili ambayo sheria ya leo ingali ikiyatafuta: leseni yamwondolea mtaalamu lawama ya bahati mbaya, lakini haimwondolei lawama ya uzembe.

Waingereza waliposhika Tanganyika waliweka sheria ya makampuni, ambayo baadaye ilijulikana kama Sura ya 212, nayo ilifuata mfano wa sheria yao ya mwaka 1929. Kwa sheria hiyo mashamba ya mkonge yaliweza kuwa makampuni, na maduka makubwa, na migodi. Lakini angalia ajabu hii. Wakili aliyeandika katiba ya kampuni ya mkonge hakuweza yeye mwenyewe kuwa kampuni. Mkaguzi aliyehakiki hesabu zake hakuweza vile vile: sheria mama ya mwaka 1929 ilikataza wazi kwamba kampuni isiteuliwe kuwa mkaguzi wa kampuni nyingine. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, iliyotungwa mwaka 1954, iliandikisha watu wenye jina, sura na kiapo. Wataalamu waliotaka kushirikiana walikuwa na njia moja, nayo ni ubia. Na ubia, kama ulivyowekwa katika Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 ambayo ndiyo Sura ya 345, humfanya kila mbia ashiriki madeni ya wenziwe, mpaka kitanda alalacho. Tena ubia haukuruhusiwa kupita watu 20.

Kwa nini wataalamu walizuiliwa mlango uliofunguliwa kwa muuza sukari? Sababu ya kwanza ni ya mantiki. Leseni hupatikana kwa mtihani, na kampuni haiwezi kukaa katika chumba cha mtihani. Haina kumbukumbu, haina mikono, haina dhamiri ya kuapa. Sababu ya pili ni ya imani kati ya watu. Mwenye kesi humfunulia wakili siri zake kwa kuwa ni yule wakili. Mgonjwa humvulia tabibu nguo kwa kuwa ni yule tabibu. Ikiwa mtu huyo aweza kusema baadaye, si mimi bali ni kampuni, imani hiyo yapoteza mzizi wake. Sababu ya tatu haikusemwa sana, nayo ni ya maslahi: sheria iliyohitaji kila mwenye ofisi awe na leseni iliwazuia matajiri wasio wataalamu wasinunue kazi ya wataalamu na kuwaamrisha. Kwa upande huu wa tatu, katazo lile lilimlinda mtaalamu pamoja na mteja wake.

Baada ya Uhuru jambo likageuka kwa namna ambayo haikutazamiwa. Azimio la Arusha la mwezi wa Februari 1967 lilisema kwamba kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, wala asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Wataalamu wengi wa kizalendo walikuwa watumishi wa Serikali na mashirika yake, na masharti hayo yaliwagusa wenye vyeo vya kati na vya juu. Kwao swali la kuunda kampuni lilifungwa kabla halijaulizwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa. Dola nayo ikafanya kile ambacho sheria ilikuwa imewakatalia watu binafsi: iliiweka taaluma ndani ya shirika. Shirika la Ukaguzi wa Hesabu la Tanzania lilianzishwa mwaka 1968, na Shirika la Sheria la Tanzania likafuata mwaka 1970. Mkaguzi na mwanasheria wakawa waajiriwa wa mtu asiye na mwili. Hapo twaona kwamba ile hoja ya kale, kuwa kampuni haina dhamiri, haikuwa kizuizi palipokuwa na haja; walioapa waliendelea kuapa, na shirika likawa kivuli juu yao.

Kwa matabibu njia ilikuwa nyembamba zaidi. Sheria ya mwaka 1977 ya kusimamia hospitali za binafsi iliondoa utabibu wa kutafuta faida, ikaacha mlango kwa mashirika yaliyokubaliwa, hasa ya dini. Mlango ule ulifunguliwa tena kwa mabadiliko ya mwaka 1991. Na mwaka huo huo, mwezi wa Februari, chama kilichotawala kilikaa Unguja kikalegeza masharti ya uongozi, jambo lililoitwa Azimio la Zanzibar. Tangu hapo mtumishi aliweza kuwa na hisa, na tabibu aliweza kuwa na zahanati yake. Baada ya miaka michache, yaani mwaka 1997, zikatungwa sheria mpya za kuandikisha wahandisi, wasanifu wa majengo pamoja na wakadiriaji, na makandarasi. Na Sura ya 212 ya zamani ikapumzishwa na Sheria ya Makampuni Namba 12 ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006.

Tukitazama nje kidogo twaona kwamba swali hili si letu peke yetu. Mwaka 1954 mahakama moja ya rufani ya Marekani ilikubali kwamba kikundi cha matabibu wa Montana kihesabiwe kama kampuni katika mambo ya kodi, na tangu mwaka 1961 majimbo mengi yakatunga sheria za makampuni ya wenye leseni. Kilichowavuta mwanzoni kilikuwa kodi na malipo ya uzeeni, si kukimbia dhima. Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1980, zilipoanguka benki nyingi za akiba huko Texas, na mawakili na wahasibu waliozihudumia wakashtakiwa. Wabia ambao hawakuwahi kuziona karatasi za benki hizo waliona nyumba zao ziko hatarini. Mwaka 1991 Texas ikatunga ubia wa dhima yenye ukomo, ambamo mbia hadaiwi kwa kosa la mwenziwe. Uingereza ikafuata mwaka 2000, Uganda mwaka 2010 katika Sheria yake ya Ubia, na Kenya mwaka 2011. Wako wanaosema kuwa kwa njia hiyo ule ulinzi wa kale, wa wabia kuchungana, umedhoofika. Nao hutaja ofisi ya ukaguzi ya Arthur Andersen, iliyokuwa na umbo hili ilipoanguka mwaka 2002 baada ya mkasa wa kampuni ya Enron. Jawabu ni kwamba ofisi ile ilikufa kwa kupoteza jina lake, na jina ni mali ambayo hakuna sheria iwezayo kuiwekea mpaka.

Basi turudi Magomeni, tufanye mfano. Tuseme matabibu wawili wataka kufungua kituo cha matibabu. Wakiandikisha kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, watachagua jina, wataandika katiba ya kampuni na kanuni zake, watagawana hisa, na kama ni kampuni ya watu binafsi wanachama hawatapita 50. Watakapopewa cheti cha usajili, mtoto wa tatu atakuwa amezaliwa kati yao, mwenye jina lake na madeni yake. Akikopa fedha za kununua mashine na biashara ikaanguka, benki haitachukua shamba la tabibu, isipokuwa kama yeye mwenyewe ametia sahihi ya udhamini. Na mabenki kwa kawaida huitaka sahihi hiyo, kwa sababu nayo yamesoma kesi ya Salomon. Lakini cheti kile hakitibu mtu. Kila tabibu hubaki na jina lake katika daftari la Baraza lake, na kituo chahitaji kibali chake mbali. Mgonjwa akidhuriwa kwa uzembe, kampuni yaweza kushtakiwa kwa kuwa ndiyo mwajiri, na tabibu aliyeshika kisu aweza kushtakiwa kwa mkono wake mwenyewe, na Baraza laweza kumwondolea leseni. Hapana pazia la kampuni lililo nene kiasi cha kuuficha mkono uliofanya tendo.

Kwa hiyo napendekeza tutofautishe kwa maneno mambo ambayo sheria huyatofautisha kwa vitendo. Iko dhima ya mfuko, na iko dhima ya mkono. Dhima ya mfuko ni ya kodi ya nyumba, mishahara, mikopo na bidhaa. Nayo yafaa kuwekewa ukomo, kwa tabibu kama kwa muuza sukari, kwa kuwa mkopeshaji aweza kupima hatari kabla ya kukopesha. Dhima ya mkono ni ya kazi yenyewe iliyohitaji leseni. Nayo haifai kuwekewa ukomo kwa yule aliyeifanya au aliyeisimamia, kwa sababu mgonjwa, mwenye kesi na mwenye nyumba hawawezi kupima. Kama wangeweza kupima, wasingehitaji mtaalamu. Katikati ya hizo mbili ndipo lilipo shauri gumu, nalo ni dhima ya kosa la mwenzio. Ubia wa kale ulisema ulipe, ili uwe mlinzi wa nduguyo. Sheria mpya za jirani zetu zinasema usilipe, kwa kuwa hukuwapo. Mimi naona haki iko karibu na hao wa pili, lakini kwa sharti moja: mahali pa mfuko wa mwenzio pawekwe mfuko mwingine, yaani bima ya lazima ya kutosha. Bila ya sharti hilo tutakuwa tumerudi kwenye hesabu ya mwaka 1890, tumeweka mpaka upande wa wenye hisa tu.

Pana mtu atakayesema kwamba hizi ni hofu za vitabuni. Na amtazame mto Mkondoa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mto huo ulivunja tuta lililokuwa likiukinga mji wa Kilosa, maji yakaingia majumbani, watu zaidi ya 20,000 wakakosa makazi, na reli ya kati ikakatwa. Sitaki kumtia mtu lawamani. Mvua ile ilikuwa kubwa, na tuta lilikuwa la siku nyingi. Nataka tu kuonyesha ukubwa wa jambo. Tuta, daraja na mfereji ni kazi za wenye leseni. Ramani yake huchorwa na mkono wa mtu, na sahihi yake huwekwa pembeni. Mwenye kuishi chini ya tuta hakuichagua ofisi iliyolichora, hakuona mkataba, hana hisa. Yeye ni kama watu wa Msowero wa mwaka 1884: maisha yake yameandikwa katika karatasi ambayo hakuisoma. Tofauti ni kwamba leo sheria yaweza kumpa jina la kuuliza. Jina hilo, la mtu mwenye mwili na leseni, ndilo ambalo kampuni isiruhusiwe kulifuta.

Lakini pia nisiwatendee vibaya wataalamu. Kijana aliyemaliza chuo, asiye na mtaji, akiambiwa kwamba akifungua ofisi Kilosa atahatarisha kila alicho nacho na atakachopata, atabaki Dar es Salaam akitafuta ajira. Watu wa Magomeni nao watabaki kusafiri mbali kutafuta wakili au tabibu bingwa. Mpaka wa haki katika dhima ya mfuko waweza kuwaleta wataalamu karibu na watu. Dhima isiyo na mpaka kabisa huwafukuza wema pamoja na wabaya. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nao walisema kweli. Lakini hawakusema kwamba alipe asiyekopa.

Tumeona, basi, kwamba kampuni ya kwanza kufika katika nchi hii ilikuwa kampuni yenye leseni, na kwamba leseni yake ilitoka kwa Kaisari wala haikuwapa wenyeji haki ya kuuliza chochote. Kampuni ya wenye leseni, ambayo ndiyo habari ya zama zetu, ni kitu kingine, au yapasa iwe kitu kingine. Leseni yake hutolewa kwa ajili ya yule anayehudumiwa. Ikitungwa vizuri, itamwachia mtaalamu nyumba yake na itamwachia mgonjwa haki yake. Ikitungwa vibaya, neno dhima, lililokuja kwetu likiwa limeshikamana na nafsi ya mtu, litabaki halina nafsi ya kushikamana nayo. Na hapo watoto wetu wasomao habari za Mangungo hawatakuwa na sababu ya kumcheka.